Hodi ya Tatu

Kama uko njiani, endesha taratibu. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, maana leo nataka tufungane kaniki tuingie msituni.

Ukienda Kaya Kinondo, kule Diani, hutangulii tu ukaingia. Kwanza unafungwa kaniki kiunoni, uwe mwanamke au mwanamume, mwenyeji au mtalii aliyeshuka ndege jana. Kofia unavua. Unaelezwa kwamba humo ndani hakukatwi mti wala hakuokotwi kitu. Halafu mzee wa kaya anasimama pale njia inapoanza kuingia gizani, anapiga hodi.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa kijana mjuaji. Nikamwuliza, "Babu, unampigia nani hodi, na nyumba hakuna?" Hakugeuka. Akasema, "Nyumba huioni wewe, mjukuu wangu. Wenyewe wapo." Akasubiri. Sikusikia aliyeitikia, lakini yeye yaonekana alisikia, maana tuliingia.

Tulipotoka aliniinamisha akanikagua pindo la kaniki. Zilikuwa zimenasa mbegu za kishonanguo, zile nyeusi nyembamba zinazokusindikiza mpaka nyumbani. Akazibandua moja moja, akazirudisha ndani. "Hata hizi, babu?" "Hata hizi."

Kishonanguo, msikilizaji. Mmea ambao mkulima akiuona shambani anaung'oa kwa hasira. Lakini ulikuwa wa mle ndani, basi ukarudi mle ndani.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na hodi. Unapiga ya kwanza, unangoja. Unapiga ya pili. Ya tatu isipoitikiwa, unarudi ulikotoka, hata kama unasikia sufuria inagonga jikoni. Hakuna adabu ndogo kuliko hiyo, na hakuna kubwa kuliko hiyo. Ninalotaka kuliuliza leo ni hili: serikali inapompa mwekezaji kibali cha kuchimba au kujenga mahali ambapo watu wengine wameabudu na kuzika wazee wao kwa karne kadhaa, hodi hiyo inapigwa mlango gani? Na nani hasa anayesema karibu?

Kwa msikilizaji wa mbali, kaya ni nini? Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma, husimulia kwamba walishuka kutoka Singwaya, kaskazini, wakajenga vijiji vyao ndani ya misitu minene ya vilimani ili adui asiwafikie. Kijiji hicho ndicho kaya. Baadaye hali ikatulia, watu wakatoka kwenda kulima, kaya zikabaki na makaburi, na fingo, yaani kinga ya kaya, iliyozikwa, na wazee wanaorudi kuomba mvua na kutuliza magonjwa. Misitu yenyewe ni midogo. Mingine unaizunguka kwa miguu kabla ya chai kupoa, na jumla yake inapita hamsini. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza baadhi ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 ikaziweka mila zake katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Vyeti viwili, na cha pili kinakiri kwamba nyumba inaungua.

Kaya moja iliwahi kulipuliwa na serikali. Wagiriama wanaijua habari hii, lakini vijana wetu wengi wa mjini wanamjua Mekatilili wa Menza kwa jina la barabara tu. Mwaka 1913 mama yule aliwakusanya watu Kaya Fungo, wakala kiapo kwamba hawatatoa vijana wao kwa kazi za wakoloni wala hawatalipa kodi. Akakamatwa, akapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Akatoroka na kurudi. Waingereza wakaona tatizo si mwanamke huyu peke yake, tatizo ni mahali ambapo maneno yake yanapata nguvu. Agosti 1914 wakaipiga kaya kwa baruti.

Nimewahi kujiuliza ofisa yule aliandika nini katika ripoti yake. Bila shaka aliandika kwamba kazi imekamilika. Lakini wazee walirudi baadaye, na kaya ile mpaka leo ni kaya. Wakoloni angalau walijua wanalipua nini, na ndiyo maana walilipua. Wanaokuja na baruti siku hizi hawana habari kama pana kitu pale, na ukiwaeleza wanakuonyesha karatasi yenye muhuri.

Twende sasa Mrima. Hiki ni kilima cha Kwale, upande wa kusini, si mbali na mpaka wa Tanzania. Juu yake pana msitu, na ndani ya msitu pana kaya ya Wadigo. Chini ya msitu, ndani ya ule udongo mwekundu, pana niobiamu, ambayo hutiwa kwenye chuma ili kiwe imara zaidi, na yapo yale yanayoitwa madini adimu, yanayotumika kwenye simu yako, kwenye mota za magari ya umeme na hata kwenye silaha. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilitangaza kwamba utajiri wa Mrima unafika dola bilioni 62.4. Ukiambiwa namba kama hiyo ukiwa umekaa chini ya mkorosho wako, unaangalia miguu yako kwa jicho jingine.

Leseni ya uchimbaji ilitolewa tarehe 7 Machi 2013. Kumbuka juma lile. Tarehe 4 tulikuwa tumepiga kura, nchi nzima imekodolea macho runinga ikihesabu, serikali moja inafunga virago na nyingine haijaingia. Katika siku hizo hizo, ndani ya ofisi moja Nairobi, mtu alikaa kitako akatia saini karatasi ya Mrima. Miezi michache baadaye waziri mpya wa madini, Najib Balala, akazifuta leseni zilizotolewa katika kipindi kile cha mpito, na ya Mrima ikiwamo. Kampuni ikaenda mahakamani hapa nyumbani, kisha ikaenda Washington, kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia, kuidai Kenya fidia ya dola zipatazo bilioni mbili.

Hapo ndipo pananifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Serikali ya Kenya ikasimama mbele ya baraza hilo, na utetezi wake ukawa msitu. Mawakili wakaeleza kwamba Mrima ni msitu wa hifadhi tangu 1961, kwamba ni hifadhi ya asili, kwamba katika miaka ya 1990 kaya ile ilitangazwa katika gazeti rasmi kuwa kumbukumbu ya taifa, na kwamba huwezi kupewa leseni ya kuchimba mahali kama hapo bila ridhaa ya walioaminiwa kupalinda na bila tathmini ya maana ya athari kwa mazingira. Oktoba 2018 wasuluhishi wakakubali. Wakasema leseni ile haikuwa leseni, ilikuwa batili tangu siku iliyoandikwa, na kwa hiyo hakuna cha kulindwa wala kulipwa. Kampuni ikajaribu kuibatilisha hukumu hiyo, na mwaka 2021 ikashindwa tena.

Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini tazama vizuri ni nani alishinda. Kesi ilikuwa kati ya kampuni na serikali. Wazee wa kaya hawakuwa upande wowote, kwa sababu kesi za namna hiyo hazina kiti chao. Serikali iliyopiga muhuri mwezi Machi ndiyo hiyo hiyo iliyoukumbuka msitu pale mfuko wake ulipotishiwa. Sikatai kwamba ilisema kweli. Nasema tu kwamba kaya ilikuwa takatifu mwaka 2012 kama ilivyokuwa 2018, na mwaka 2012 hakuna wakili aliyepanda ndege kwa ajili yake.

Na kilichoiokoa Mrima hasa ni nini? Ni karatasi ya miaka ishirini nyuma. Kuna watu, wataalamu wa mimea na wa Makumbusho ya Taifa wakishirikiana na wazee wenyewe, waliopita kaya kwa kaya kuanzia miaka ya 1980, wakipima mipaka, wakiorodhesha miti, wakibishana na maofisa wa ardhi, mpaka kuanzia mwaka 1992 kaya zikaanza kuchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Kazi ya kuchosha isiyopigwa picha. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiota magari ya umeme. Lakini mwekezaji alipofika na karatasi yake, alikuta nyingine imetangulia.

Kaya ambazo karatasi haikuwahi, au iliwahi lakini ikapuuzwa, habari zake ni nyingine. Chale, kisiwa kidogo pwani ya Kwale, ni kaya pia. Miaka ya 1990 palijengwa hoteli, wazee wakilia huku zege inamwagwa. Leo wageni wanaota jua pale. Viwanja vya ufukweni vilivyokatwa kutoka misitu ya namna hii, ukianza kuvihesabu utalala njaa.

Nitoke kidogo nje ya nchi, maana ugonjwa huu si wetu peke yetu. Katika jimbo la Australia Magharibi, eneo la Pilbara lenye mwamba mwekundu wa chuma, palikuwa na mapango katika bonde la Juukan. Wenyewe ni Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura. Watu waliishi katika pango mojawapo tangu zaidi ya miaka 46,000 iliyopita, kabla ya kilele cha enzi ya mwisho ya barafu na baada yake. Katika uchimbuzi wa mwaka 2014 palipatikana, pamoja na zana za mawe na mifupa, kipande cha ususi wa nywele za binadamu. Kina miaka ipatayo 4,000. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba wenye nywele zile ni wa ukoo wa watu walio hai leo. Hebu fikiria msichana anasukwa kibarazani asubuhi hii, halafu unamletea msuko wa bibi yake wa miaka elfu nne.

Sasa, kampuni ya Rio Tinto ilikuwa imepewa ruhusa ya kupaharibu mwaka 2013, mwaka mmoja kabla ya msuko ule kupatikana. Sheria iliyotumika ni ya jimbo, ya mwaka 1972, na inaitwa sheria ya urithi wa wenyeji. Kifungu cha 18 kinamruhusu mwenye haki ya kutumia ardhi aombe kwa waziri kibali cha kuharibu mahali pa urithi. Wakati huo, akikataliwa, mchimbaji aliweza kukata rufaa. Akikubaliwa, wenyeji hawakuweza. Na kilichogunduliwa baada ya saini hakikuwa na njia ya kuirudisha saini mezani. Sheria ilikuwa mlango unaofunguka upande mmoja tu.

Mei 2020 wenyeji wakaomba ruhusa ya kutembelea mapango yao mwezi Julai, kwenye wiki yao ya kuadhimisha utamaduni. Yaani wenye nyumba ndio waliopiga hodi. Wakajibiwa kwamba baruti imekwisha kushindiliwa kwenye matundu na haiwezekani kuitoa kwa usalama. Tarehe 24 Mei mwamba ukalipuliwa.

Kelele zilizofuata zilimwondoa mkurugenzi mkuu wa kampuni na wakubwa wenzake wawili. Bunge likachunguza. Jimbo likaandika sheria mpya, ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2023. Wenye mashamba wakalalamika kwamba hawataweza hata kuchimba shimo la nguzo bila kibali. Hazikupita wiki sita, serikali ikatangaza inaifuta, na kabla ya mwaka kwisha wakarudi kwenye ile ya 1972, wakiwa wameitia viraka. Kiraka kimoja ni cha maana, kwamba sasa wenyeji nao wanaweza kukata rufaa. Ilibidi miaka 46,000 ilipuliwe ili kipatikane kiraka kimoja.

Kwetu sisi, katiba ya 2010 ni nzuri kwenye hili, tena naisema bila kuipaka mafuta. Ibara ya 63 inataja kabisa maeneo ya ibada ya jamii kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Na mahakama zimeanza kuuliza kuhusu hodi. Kule Lamu, mji wa kale ulioko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe. Juni 2019 Baraza la Taifa la Mashauri ya Mazingira lilifuta leseni yake, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hukumu haikusema makaa ni haramu. Ilisema watu hawakuulizwa.

Najua wapo wanaonisikiliza hapa wakisonya. Kijana wa Msambweni ana cheti cha ufundi na hana kazi. Atakwambia, "Kaka, hao mizimu wananilipia karo?" Simcheki wala simlaumu. Wapo wazawa wa Mrima wanaotaka mgodi, na wana haki ya kusikilizwa kama wazee. Halafu tuambiane ukweli, baadhi ya ardhi ya kaya haikuuzwa na serikali. Iliuzwa na wajukuu. Wazee wengine wameitwa wachawi na watu wa nyumba zao wenyewe, wakauawa, na ukichimba unakuta pana shamba lililokuwa likigombewa. Mwekezaji hakuleta hilo.

Ila namwomba kijana wangu apige hesabu moja. Kwale imekuwa na mgodi mkubwa, wa titani. Ulianza kusafirisha mchanga wake mapema mwaka 2014, na mwisho wa 2024 ukafunga kazi kwa sababu mchanga umekwisha. Ulilipa mishahara na ulijenga shule, siukani. Ulidumu kiasi cha mtoto kutoka darasa la kwanza mpaka kidato cha tatu. Huo haukuwa juu ya kaya. Mrima ukiufumua, mtoto yule akimaliza shule atakuta shimo mahali pa msitu, na shimo haliombewi mvua. Labda bado atasema sawa, chimbeni. Basi na aseme yeye, kabla ya saini, akiwa amekaa baraza moja na babu yake, wote wawili wakijua ni kiasi gani, kwa miaka mingapi, na nani anafukia.

Maana madini adimu yanatafutwa tena, na safari hii mataifa makubwa yanayagombea. Jina la Mrima limerudi kwenye vinywa vya wenye suti. Karatasi nyingine zitaandikwa.

Na hapa nafika nyumbani, msikilizaji, yaani kwenye kiti hiki nilichokalia. Serikali, kusema haki, ina hodi yake. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinasema mradi mkubwa lazima utangazwe. Mabango yabandikwe, tangazo litoke gazetini kwa wiki mbili mfululizo, mikutano isiyopungua mitatu ifanyike na watakaoathirika. Na pana kifungu ambacho nilikisoma nikakaa kimya. Tangazo lisomwe redioni, kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji, angalau mara moja kwa wiki, wiki mbili.

Redioni. Yaani hapa. Katika miaka yangu ya kazi, kwenye vituo zaidi ya kimoja, matangazo ya namna hiyo yamepita mikononi mwangu. Karatasi moja, maneno mengi, Kiingereza cha wanasheria kilichogeuzwa Kiswahili cha wanasheria. "Mtekelezaji wa mradi anakusudia." Namba ya kiwanja. Jina la kitongoji limekosewa. Mnajua tangazo hilo linavyosomwa, saa nane mchana, kati ya wimbo na matokeo ya mpira, mtangazaji anakimbia kama anafukuzwa na nyuki kwa sababu sekunde zimelipiwa. Nami nimelisoma hivyo. Mahali fulani, mzee wa kaya fulani alikuwa shambani, na redio iko kwa mjukuu, na mjukuu alikuwa akingojea mpira. Lakini kwenye faili pameandikwa kwamba umma ulijulishwa.

Kwa hiyo nimekubaliana na mhariri wangu, na ameguna lakini ameridhia. Tangazo lijalo la mradi wa Kwale au Kilifi likifika mezani petu, nitalisoma polepole, nikitaja kila kilima na kila kitongoji kwa jina wanaloliita wenyewe. Siku ya pili nitalirudia saa moja usiku, watu wakiwa wametoka shambani. Na la tatu sitalisoma mimi. Nitamwita mtu alisome kwa Kidigo.